Magazeti Matatu ya Bandari Moja

Faro, kwa Kihispania na kwa Kigalicia pia, ni mnara wa taa wa baharini, ule unaomwambia nahodha mwamba uko wapi na mlango wa bandari uko wapi. Faro de Vigo, kwa hiyo, ni Mnara wa Vigo, na ndilo gazeti la kila siku kongwe kuliko yote yanayoendelea kuchapishwa Hispania. Toleo lake la kwanza lilitoka tarehe 3 Novemba 1853, mikononi mwa mpiga chapa aliyeitwa Ángel de Lema y Marina. Wakati huo Vigo, bandari iliyoko Galicia, kaskazini-magharibi ya Hispania na karibu na mpaka wa Ureno, ilikuwa bado mji mdogo uliozungukwa na ukuta, na wengi wa wakazi wake walikula kile bahari ilichotoa. Reli ilikuwa haijafika. Serikali ilikuwa Madrid, safari ya siku nyingi kwa gari la farasi. Hata hivyo mtu mmoja mwenye mashine ya kuchapa aliona kwamba mji ule unahitaji gazeti.

Mimi niliyafikia magazeti ya Vigo kwa njia isiyo na maajabu. Katika masomo yangu ya uzamili tulitakiwa kuchagua mji wa bandari ambao si makao makuu ya nchi, kisha tuisome historia yake kupitia magazeti yake ya kila siku. Nilikuwa nimejifunza Kireno kiasi cha kusoma nyaraka za Msumbiji, na Kigalicia ni ndugu wa tumbo moja na Kireno. Katika zama za kati zilikuwa lugha moja. Msemaji wa Kiswahili anayefungua ukurasa wa Kigalicia hukutana na sura za nyumbani: bandeira ni bendera, mesa ni meza, viño ni mvinyo. Sisi maneno hayo tuliletewa na Wareno kwa majahazi na mizinga. Wagalicia wamezaliwa nayo. Nikaichagua Vigo.

Nilichobaki nacho baada ya muhula mzima mbele ya kompyuta, nikipitia kurasa zilizopigwa picha na maktaba za kidijitali za Galicia na za Hispania, ni habari za magazeti matatu. Moja lilinyamazishwa, moja lilinyang'anywa, na moja likabaki. Swali linalonisumbua ni jepesi kulitamka. Mwanahistoria anayetaka kuujua mji amsikilize nani? Gazeti lililobaki ndilo lenye maneno mengi kuliko yote. Je, ndilo lenye ukweli mwingi?

Mji ulionyimwa cheo

Ili kuelewa kwa nini Vigo ilitaka gazeti, lazima turudi nyuma miaka 30 kabla ya Faro. Mwaka 1822, chini ya serikali ya kiliberali, Hispania iligawanywa upya na Vigo ikafanywa makao makuu ya mkoa. Heshima hiyo ilidumu kama mvua ya kiangazi. Mwaka 1823 mfalme alirudisha utawala wake usiohojiwa na mgawanyo ukafutwa. Nchi ilipogawanywa tena mwaka 1833, makao makuu yalipewa Pontevedra, mji wa jirani ulio umbali wa kilomita 30 hivi. Mgawanyo huo, kwa sehemu kubwa, ndio uliopo mpaka leo, na mpaka leo Vigo, mji mkubwa kuliko yote katika Galicia, si makao makuu ya kitu chochote.

Mji usio na gavana wala ofisi zake hauna mlango wa kubisha. Wafanyabiashara wa Vigo walikuwa na meli, mapipa ya samaki wa chumvi na fedha, lakini hawakuwa na wa kuwasemea. Gazeti likawa ofisi ambayo serikali iliwanyima. Ndani yake walidai gati, barabara, reli, na haki ya bandari yao mbele ya bandari nyingine za Galicia, hasa A Coruña iliyoko kaskazini. Msomaji wa leo anaweza kuchoshwa na malalamiko hayo yasiyokwisha, lakini humo ndimo mji ulimojifunza kusema "sisi".

Bandari yenyewe ndiyo iliyokuwa mwandishi mkuu wa habari. Ndani ya hori ya Vigo, kwenye kisiwa cha San Simón, palikuwa na karantini ambako meli zilizotoka sehemu zenye kipindupindu au homa ya manjano zilizuiliwa hadi zithibitike kuwa salama. Meli iliyofika ilileta mizigo, barua na tetesi. Habari za Havana au Buenos Aires zilikuwa na umri wa safari ya meli: wiki kadhaa, zikiwa zimeloa chumvi.

Mambo yakabadilika mwaka 1873, pale kampuni ya Kiingereza ilipoitua Vigo kebo ya telegrafu iliyopita chini ya bahari kutoka Cornwall kuelekea Lisbon. Wenyeji waliiita "kebo ya Waingereza". Mwaka 1896 Wajerumani nao walileta ya kwao kutoka Emden. Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake, kwa sababu kebo ya Vigo ilikuwa uzi mmoja katika wavu ambao mwaka 1879 ulifika Unguja kutoka Aden, ukaendelea hadi Msumbiji na Durban. Kampuni za familia hiyo hiyo, zikibeba jina la Eastern, ndizo zilizoshika ncha zote mbili. Jengo lao la Shangani bado limesimama, ingawa siku hizi ni hoteli. Kwa hiyo karani wa Vigo na karani wa Unguja, wasiojuana kwa sura wala kwa jina, walikuwa wafanyakazi wa ukoo mmoja wa makampuni, wakigonga alama zile zile za nukta na mstari. Mji mdogo wa wavuvi ukawa kituo ambamo maneno ya dunia yalipita.

Makarani wa kebo walileta pia mpira wa miguu. Hapo gazeti lilifanya jambo ambalo wanafunzi wenzangu walilikumbuka kuliko mengine yote niliyowaeleza. Mwanzoni mwa karne ya 20 Vigo ilikuwa na klabu mbili zilizochukiana, Vigo Sporting na Fortuna. Kila moja ilikuwa na nguvu ya kuishinda nyingine, lakini hazikuwa na nguvu ya kuzishinda klabu kubwa za Hispania. Mwandishi wa michezo wa Faro de Vigo, Manuel de Castro, aliyetia saini kwa jina la "Handicap", aliandika mwaka baada ya mwaka kwamba nusu mbili za mji haziwezi kufika mbali. Mwaka 1923 klabu hizo ziliungana na Celta ikazaliwa. Tunajua timu zinazomiliki magazeti na magazeti yanayoishi kwa kuuza habari za timu. Celta ni timu iliyoanzia kwenye safu ya gazeti.

Ukurasa wa mwisho

Ukinipa gazeti la zamani la Vigo, nitaanza na matangazo ya meli. Kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19 yanajaza nafasi kubwa: mchoro mdogo wa meli yenye mabomba ya moshi, jina la kampuni, tarehe ya kuondoka, na orodha ya bandari ambazo kwa Mgalicia zilikuwa kama sala: Lisbon, Rio de Janeiro, Montevideo, Buenos Aires; au Havana. Kampuni ya Kiingereza ya Royal Mail ilitangaza kwa jina la Mala Real Inglesa. Wajerumani walikuwepo, Wafaransa walikuwepo. Waliondoka Wagalicia wengi kiasi kwamba Argentina mpaka leo Mhispania yeyote huitwa "gallego", atoke Galicia asitoke.

Ukurasa wa kwanza ungesifu maendeleo ya mji, gati jipya, viwanda vipya vya kusindika dagaa. Ukurasa wa mwisho ungekuuzia nafasi ya daraja la tatu ili uondoke. Kurasa zote mbili zilikuwa na haki yake. Vigo ilikua kwa kusindika samaki na ilikua kwa kusafirisha watu, na gazeti lilikula pande zote mbili za samli hiyo. Sikukuta tahariri iliyonieleza hilo kwa uwazi kama zile picha ndogo za meli zilizojirudia wiki baada ya wiki.

Kuna jambo jingine ambalo halikuandikwa kwa sababu kila mtu alilijua. Magazeti yaliandikwa kwa Kihispania. Wavuvi wa mtaa wa Berbés, wanawake waliouza samaki kwenye ngazi za mawe, wafanyakazi wa viwanda vya makopo, wote hao walisema Kigalicia. Kihispania kilikuwa lugha ya shule, ya padri mimbarini, ya karani na ya gazeti. Muuza samaki aliyetaka kujua bei ya dagaa iliyochapishwa ilibidi asomewe, na asomewe katika lugha ambayo hakuitumia kumbembeleza mwanawe. Mji uliojifunza kusema "sisi" gazetini ulikuwa ukisema "nosotros", wakati watu wake wengi walisema "nós".

Gazeti la miaka minne

Tarehe 25 Julai 1922, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo ambayo wazalendo wa Galicia walikuwa wameifanya kuwa siku ya taifa lao, toleo la kwanza la gazeti la Galicia lilitoka mjini Vigo. Mwanzilishi na mkurugenzi wake alikuwa Valentín Paz-Andrade, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1898. Fanya hesabu: alikuwa na miaka 24. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Umri huo sisi tunagombania mkopo wa ada na kuhariri tasnifu ya mtu mwingine ili tupate kodi ya chumba.

Galicia halikutaka kuusemea mji peke yake. Lilitaka kuisemea nchi nzima ambayo haikuwa na serikali. Wengi wa waandishi wake walikuwa vijana. Alikuwemo Roberto Blanco Torres, mshairi na mwandishi wa kalamu kali. Alikuwemo pia Castelao, daktari aliyeacha udaktari akawa mchoraji, na ambaye baadaye angekuwa mwanasiasa mkubwa kuliko wote wa Galicia. Mfululizo wake wa vibonzo, Cousas da vida, yaani Mambo ya Maisha, ulitoka katika Galicia, na baada ya hapo katika Faro de Vigo. Kila kibonzo ni mchoro mmoja: mwanakijiji na jirani yake, mama na mtoto, mhamiaji aliyerudi na meno ya dhahabu. Chini yake kuna maneno machache, na maneno hayo yameandikwa kwa Kigalicia.

Hapo nilisimama kwa muda. Fikiria ukurasa mzima wa Kihispania, makala, telegramu na matangazo, na katikati yake dirisha dogo lenye watu wawili wanaozungumza kama wanavyozungumza sokoni. Kwa msomaji wa mwaka 1923, lile lilikuwa tukio. Lugha iliyoambiwa kuwa ni ya jikoni na shambani ilikuwa imeingia sebuleni, imekaa, na inatoa maoni juu ya kodi na njaa. Kwamba iliingia kwa mlango wa kicheko haipunguzi kitu. Wengi wetu tunajua lugha ambazo zimeruhusiwa redioni kwenye vichekesho miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kwenye taarifa ya habari.

Mwezi Septemba 1923 Jenerali Primo de Rivera alipindua serikali kwa idhini ya mfalme. Udhibiti wa habari ukaanza. Gazeti la Galicia lilikatwa, likapigwa faini, na mkurugenzi wake akaonja jela. Gazeti changa lisilo na mtaji mkubwa huuawa kwa faini kirahisi kuliko kwa amri ya kulifunga, na faini haileti makelele. Septemba 1926 lilitoka kwa mara ya mwisho. Lilikuwa limeishi miaka minne na ushee.

Jambo la Paz-Andrade halikuishia hapo. Alirudi kwenye sheria, akawa mtaalamu wa uchumi wa uvuvi, na mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Pescanova, kampuni iliyopeleka meli zenye majokofu hadi bahari za kusini mwa Afrika na baadaye kuvua kamba Msumbiji. Kijana aliyeshindwa kuuza gazeti aliuza samaki waliogandishwa kwa nusu ya dunia. Alikufa mwaka 1987, na mwaka 2012 Galicia iliiweka siku yake ya fasihi, inayoadhimishwa kila 17 Mei, kwa heshima yake.

Jina lile lile, mdomo mwingine

Gazeti la tatu lilianza tarehe 27 Januari 1924. Liliitwa El Pueblo Gallego, Watu wa Galicia, na nyuma yake alikuwepo Manuel Portela Valladares, mwanasiasa wa kiliberali mwenye fedha na marafiki Madrid. Yaani alikuwa na kile ambacho Paz-Andrade hakuwa nacho. Gazeti lilivuka udikteta, likaipokea Jamhuri ya mwaka 1931, na likawa sauti kubwa ya waliotaka Galicia ijitawale. Blanco Torres aliandika humo pia. Mwishoni mwa mwaka 1935 mwenye gazeti akawa Waziri Mkuu wa Hispania, akashika hadi Februari 1936.

Tarehe 28 Juni 1936 Wagalicia walipiga kura juu ya sheria ya kujitawala na ikapita. Siku 20 baadaye jeshi liliasi. Tarehe 20 Julai kikosi kiliingia Porta do Sol, uwanja ulio katikati ya Vigo, kusoma tangazo la hali ya vita. Umati ulipopinga, askari walifyatua risasi, na watu wakafa palepale. Kwa siku chache wafanyakazi wa Lavadores, pembezoni mwa mji, waliweka vizuizi barabarani. Kisha kukawa kimya. Galicia haikuwa na uwanja wa vita. Ilichokuwa nacho ni orodha za majina. Tarehe 27 Agosti meya wa Vigo, Emilio Martínez Garrido, alipigwa risasi pamoja na wenzake karibu na makaburi ya Pereiró. Mwezi Oktoba Blanco Torres aliuawa.

Na kisiwa cha San Simón, kile cha karantini, kikageuzwa kambi ya wafungwa hadi mwaka 1943. Wanaisimu husema neno letu gereza lilitokana na igreja, kanisa kwa Kireno. Kwa Kigalicia ni igrexa. San Simón ilikuwa na watawa katika zama za kati, kisha wagonjwa, kisha wafungwa. Safari ya neno hilo katika pwani yetu na safari ya kisiwa kile ni safari moja, ila kwao imepita katika ardhi ile ile.

El Pueblo Gallego halikufungwa. Walioshinda hawakuwa wajinga. Falange, chama cha kifashisti, kililitwaa gazeti lenyewe, mashine na ofisi, na likaingizwa kwenye mlolongo wa magazeti ya dola. Portela alikwishakimbia, alikufa Ufaransa mwaka 1952. Jina halikubadilishwa. Kwa miaka 40 na zaidi, gazeti lililoitwa Watu wa Galicia lilichapisha maneno ya wale waliokuwa wamewaua au kuwafunga waandishi wake wa zamani, hadi lilipofungwa mwaka 1979, miaka minne baada ya kifo cha Franco.

Hakuna kitu kilichonitia ubaridi kama kuviona vichwa hivyo viwili vya gazeti bega kwa bega, cha Juni 1936 na cha miaka iliyofuata. Gazeti lililonyamazishwa huacha pengo, na pengo huonekana. Mtafiti atakuja aulize kwa nini matoleo yanakoma hapa. Gazeti lililonyang'anywa haliachi pengo. Tarehe zinaendelea, namba za matoleo zinaendelea, na mtu asiye mwangalifu anaweza kunukuu toleo la mwaka 1940 kana kwamba ni mtu yule yule anayeendelea kusema.

Lililobaki

Tunarudi kwa Faro. Halikufungwa wala halikutwaliwa. Lilibaki mali ya kampuni yake. Lakini kubaki kuna bei. Kwa sheria ya magazeti ya mwaka 1938, serikali ilikuwa na kauli juu ya nani awe mkurugenzi wa kila gazeti, na maagizo ya nini kiandikwe na nini kisiandikwe yalifika mezani. Faro liliimba wimbo ulioimbwa na wote. Wapo wanaolihukumu kwa hilo, na ushahidi wanao: kurasa zipo.

Miaka ya 1965 hadi 1970 lilikuwa na mkurugenzi wa ajabu, Álvaro Cunqueiro, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kigalicia wa karne ya 20. Katika vita aliandikia magazeti ya Falange. Katika miaka ya 1940 alipoteza kadi yake ya uandishi na kurudi kwao Mondoñedo. Huko akaandika riwaya ambamo mchawi Merlin anaishi kijijini Galicia kama babu wa kawaida. Safu zake za Faro zimejaa nguva, maaskofu wa kale, mapishi ya samaki na wasafiri wasiowahi kuwepo. Unaweza kuzisoma kama kukimbia ukweli. Mimi nazisoma pia kama chumba cha akiba: mahali ambapo Galicia yenye kumbukumbu ndefu kuliko dola ya Franco iliendelea kuwaka taa, hata kama madirisha yalikuwa yamefungwa. Sidai kwamba hilo linamtakasa. Mtu anaweza kuwa alihudumia utawala mbaya na bado akawa ameokoa kitu.

Ndipo nilipojifunza kulisoma gazeti lililobaki. Ukurasa wa kwanza wa miaka ya 1940 hausemi lolote ambalo Madrid haikutaka lisemwe. Lakini gazeti la kila siku ni kubwa mno kudhibitiwa kila kona. Hispania iliishi kwa kadi za mgao hadi mwaka 1952, na gazeti la mji ndilo lililopaswa kuwaambia watu wiki hii mafuta ni kiasi gani na sukari ni kiasi gani. Juu kuna ushindi na bendera. Ndani kuna robo lita ya mafuta. Mdhibiti alisoma hotuba. Njaa ilipita kwenye matangazo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo si kwamba tulitupe gazeti lililobaki na kuwapenda mashahidi waliokufa. Bila Faro, Vigo ya miaka 170 ingekuwa vipande. Ila gazeti lililobaki lisomwe pamoja na mapengo ya wenzake. Ninaposoma Faro la mwaka 1927, naweka pembeni Galicia la mwaka 1926, na kujiuliza ni swali gani lililoulizwa mwaka ule ambalo mwaka huu hakuna anayeliuliza. Ninaposoma El Pueblo Gallego la mwaka 1937, namweka pembeni Blanco Torres, ambaye hakuwepo tena kuandika.

Leo Faro ni mali ya kundi la Prensa Ibérica, lililolinunua mwaka 1986. Mwaka 1987 lilizaliwa Atlántico Diario, nalo la Vigo, na La Voz de Galicia la A Coruña lina toleo la mji huo. Karibu kurasa zote bado ni za Kihispania. Kigalicia, ambacho sasa ni lugha rasmi ya Galicia pamoja na Kihispania, kimebaki mgeni anayepewa kiti lakini hapewi funguo. Wasomaji wa karatasi wanapungua, kama kila mahali.

Je, kuna haja ya gazeti la mji wakati simu ina kila kitu? Nitajibu kwa tukio moja. Tarehe 15 Februari 2022 meli ya uvuvi Villa de Pitanxo, kutoka bandari ya Marín iliyo jirani na Vigo, ilizama karibu na Newfoundland, Kanada. Ilikuwa na watu 24: Wahispania, Waperu na Waghana. Walinusurika watatu, mmoja wao baharia kutoka Ghana. Vyombo vikubwa vya dunia vilikaa na habari hiyo siku chache, kisha vikaondoka. Magazeti ya Galicia, Faro likiwamo, yalibaki nayo kwa miezi na miaka: ushuhuda wa walionusurika uliopishana, kesi mahakamani, na familia zilizodai kwamba mabaki ya meli yashukiwe na kukaguliwa chini ya bahari. Mwaka 2023 chombo cha kuzamia kiliteremshwa, kwa gharama ya serikali ya Hispania.

Hiyo ndiyo kazi ya gazeti la bandari, na ilikuwa hiyo hiyo mwaka 1853: kujua meli gani ilitoka, nani alikuwa ndani, na kuendelea kuuliza pale ambapo wengine wamechoka. Galicia lililipwa faini kwa kuuliza. El Pueblo Gallego lilipokonywa mdomo ili lisiulize. Faro lilinyamaza miaka mingi, kisha likauliza tena. Katika tasnifu yangu nimeweka jedwali lenye safu tatu, gazeti moja kila safu, miaka ikishuka kutoka 1853 hadi leo. Safu mbili zina mwisho. Msimamizi wangu alipendekeza nizifute seli tupu ili jedwali lipendeze. Nimeziacha.